Vipande Vyekundu vya Blanketi la Zahanati

Kila jioni, Mashavu alipotoka mtoni na debe la maji kichwani, alipishana na watu wale wale. Wanaume walirudi kutoka kwenye tanuri la matofali, suruali zao zimejaa vumbi. Akina mama walirudi kutoka shamba la kijiji, majembe mabegani. Na kila aliyepishana naye alimwambia maneno yale yale.

"Pole na maji, mwanangu."

"Nimeshapoa," alijibu Mashavu.

Hakuwa amepoa hata kidogo. Shingo ilimuuma na maji yalimwagikia mgongoni. Lakini ndivyo watu wa Kwamzola walivyojibizana. Ukiambiwa pole na kazi, unajibu umeshapoa, hata kama magoti yanakutetemeka. Hakuna aliyewahi kujibu vingine.

Kwamzola kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara kuu ya Mkumbara. Watu walikuwa wamehamia hapo mwaka uliopita, wengine kutoka Handeni, wengine kutoka milima ya Usambara. Mvua nazo zikakatika mwaka huo huo. Walijenga nyumba huku wakila ugali wa unga wa njano wa msaada. Walilima shamba la kijiji na mashamba yao wenyewe, na watoto wakalima pia shamba la shule. Sasa walikuwa wanamalizia zahanati, ili ifunguliwe siku ya Saba Saba.

Mashavu alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Baba yake, Mzee Mhina, alishinda kwenye tanuri. Mama yake, Bi Fatu, alikuwa na mimba ya miezi saba, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kwa hiyo maji yote ya nyumba yalipita juu ya kichwa cha Mashavu.

Siku za Jumatano na Jumamosi, kisomo cha watu wazima kilipokwisha, akina mama hawakwenda nyumbani. Walifuta ubao, wakasogeza madawati ukutani, wakatandika mkeka na kutoa sindano. Hicho kilikuwa kikundi cha ushonaji. Kiongozi wao alikuwa Mama Agripina, mwanamke mrefu wa Kishambaa aliyejifunza kushona kwa masista wa misheni.

"Zahanati ina vitanda viwili, na blanketi hakuna hata moja," aliwaambia siku ya kwanza. "Upepo wa mlimani mnaujua. Mwezi wa saba mtoto akizaliwa pale, tutamfunika na nini? Madukani blanketi hakuna. Basi tutashona la viraka."

"La viraka?" aliuliza Bi Mwanaidi, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala. "Viraka si tumevaa tayari?"

Walicheka, lakini walikubali. Walipanga kwanza blanketi moja kubwa, la kitanda cha wazazi. Kila mtu alijua nani angekuwa wa kwanza kulala hapo. Tumbo la Bi Fatu lilionekana tangu mlangoni.

Jumamosi moja Mama Agripina alimchukua Mashavu, pamoja na binti yake Filomena, wakapanda lori la ushirika mpaka Korogwe. Walikwenda mtaa wa Manundu, kwenye kibaraza cha Fundi Isihaka. Fundi alikuwa akikanyaga cherehani, pini zimejaa mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kuitikia shikamoo.

"Marahaba, wajukuu. Mmekuja kunifagilia?"

Chini ya meza yake kulikuwa na gunia la mabaki. Mlikuwa na vipande vya vitenge, vya khanga, vya mashati meupe ya shule na vya kaki. Juu kabisa kulikuwa na kitambaa chekundu kipya, kilichobaki baada ya kushona mapambo ya Saba Saba. Kiling'aa kama pilipili iliyoiva. Mashavu alikishika kwanza.

"Hicho kizuri machoni," alisema Fundi Isihaka, "lakini kinachuja rangi kuliko mfiwa anavyotoa machozi. Sikilizeni. Kikateni vipande, mviloweke peke yake, na chumvi kiganja kimoja. Mwageni maji, mtie mengine. Msiache mpaka maji yatoke meupe kama mlivyoyatia. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, babu," walijibu, wakalibeba gunia.

Jumatano iliyofuata Mama Agripina aligawa kazi. Kila mama alipewa fungu lake akalifue nyumbani. Vipande vyekundu, ishirini na vinne, vilimwangukia Bi Fatu. Alivifunga kwenye ncha ya khanga yake, akaenda navyo polepole, mkono kiunoni.

"Mashavu mwanangu," alisema walipofika nyumbani, "leo siwezi kuinama. Niloweshee hivi. Ubadilishe maji mpaka yawe meupe. Si unakumbuka alivyosema fundi?"

"Nakumbuka, mama."

"Hujachoka?"

"Hapana, mama."

Mashavu alikuwa amelima shamba la shule tangu asubuhi. Alikuwa amekwenda mtoni mara mbili. Nanyi mnaosoma hapa mnajua debe la maji lilivyo. Mara ya tatu huwa zito kuliko ya kwanza, ingawa maji ni yale yale.

Aliweka vipande kwenye karai nyuma ya nyumba, akatia chumvi, akamimina maji. Mara yaligeuka mekundu. Aliyamwaga, akatia mengine. Nayo yakawa mekundu. Debe likawa tupu. Wakati huo Filomena akapita na kuni.

"Mwenzangu! Mbona maji kama umechinja kuku?"

"Yatatakata."

"Mama amesema mpaka yawe meupe."

"Mama yako ndiye anayebeba madebe yangu?" Mashavu alijibu kwa ukali, na mara akaona haya, kwa sababu Filomena hakuwa amemkosea lolote.

Filomena alibetua midomo akaenda zake. Mashavu aliliangalia debe. Aliitazama njia ya mtoni ilivyoteremka mbali, chini ya michongoma. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alivikamua vile vipande, akavianika kwenye kamba. Vilipokauka vilikuwa vizuri, vyekundu, vimenyooka. Nani angejua?

"Uliviloweka vyote?" mama yake aliuliza.

"Ndiyo, mama. Mara tatu. Maji yakatoka meupe."

"Ahsante, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa."

Akina mama walishona wiki tano. Walikata kila kipande kwa kipimo cha boksi la majani ya chai, ili kilingane na mwenzake. Chini waliweka mifuko ya unga wa njano, iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Katikati waliweka khanga kuukuu. Juu Mama Agripina alipanga vipande kwa mkono wake: kimoja chekundu, vinne vyeupe kukizunguka, kisha pembeni vitenge vya rangi zote. Bi Fatu ndiye aliyeshona vyekundu. Alishona akiwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Siku nyingine alisinzia na sindano mkononi. Akiamshwa, alisema hakuwa amelala, na aliendelea kushona. Mashavu alikaa karibu akimtungia uzi, na kila alipovitazama vile vipande vyekundu alitazama pembeni.

Ikabaki siku nne kabla ya Saba Saba. Bwana Fabiani, mganga msaidizi aliyeletwa na serikali, alikuja kulitazama blanketi. Alilisifu sana. Kisha akasema, "Lakini kitandani kwangu haliingii kabla halijachemshwa. Chawa na upele hawaulizi blanketi limeshonwa na nani."

"Litachemshwa, bwana mganga," alisema Mama Agripina. "Wala usiwe na wasiwasi."

Waliteka maji, wakaweka pipa juu ya mafiga matatu nyuma ya darasa. Walitia sabuni, wakatumbukiza blanketi, wakalikoroga kwa mti. Mashavu alisimama mbali kidogo. Alitamani moto uzimike. Alipoona povu linageuka rangi, alirudi nyuma hatua mbili.

Walilinyanyua watu wanne. Kila kipande cheupe kilikuwa na madoa mekundu, kama kilichopangusiwa kidonda. Vitenge vilikuwa vimefifia. Mifuko ya unga ilikuwa na michirizi mpaka kwenye pindo.

"Wiki tano," alisema mama mmoja, akakaa chini palepale kwenye majivu.

Mama Agripina aligeuka. "Bi Fatu, vyekundu viliwekwa kwenye chumvi?"

"Viliwekwa. Mara tatu. Maji yakatoka meupe."

"Uliyaona mwenyewe?"

Bi Fatu alisita. "Aliyabadilisha Mashavu. Lakini ni kama nimeyaona. Mtoto wangu hanidanganyi."

"Mara tatu ndotoni," alisema Bi Mwanaidi. "Mtu anasinzia na sindano mkononi, tutajuaje aliloweka au aliota?"

Wengine walicheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Filomena hakucheka. Alimtazama Mashavu, akamtazama tena, kisha akainamisha uso.

"Tusigombane," alisema Mama Agripina. Sauti yake ilikuwa nzito. "Labda ni fundi. Labda alitupa kitambaa kibaya kusudi, ili gunia lake tusilichukue tena. Lakini wewe, Bi Fatu, nenda nyumbani ukapumzike. Sindano iache."

Bi Fatu alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Aliiweka taratibu juu ya dawati lililotolewa nje, akaanza kwenda. Mashavu alimfuata nyuma.

Njiani walipishana na mzee mmoja mwenye mzigo wa matete. "Poleni na kazi," alisema.

"Tumeshapoa," alijibu Bi Fatu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta.

Walipofika kwenye njia panda alisimama ili avute pumzi. Alimshika Mashavu bega. "Usijali walivyosema. Mimi najua uliloweka. Na kama Mungu anajua, inatosha."

Hapo Mashavu hakuweza tena. Afadhali mama yake angemchapa. "Mama, maji hayakutoka meupe," alisema. "Yalikuwa mekundu bado. Debe liliisha. Niliogopa kurudi mtoni. Nilichoka, mama."

Upepo ulitoka mlimani ukapeperusha khanga yake. Mashavu alingoja kofi. Halikuja.

"Haya usiniambie mimi peke yangu," mama yake alisema mwisho. "Mimi nimesema mbele ya watu. Turudi mbele ya watu."

Walirudi. Ile njia fupi ilikuwa ndefu kuliko ya mtoni. Akina mama walikuwa bado wamelizunguka blanketi, wengine wakilikamua. Mashavu alisimama karibu na pipa. Alisema yote: debe, karai, chumvi, kamba. 

"Mama hakujua," alimalizia. "Fundi naye alituambia vizuri. Ni mimi."

"Filomena, wewe ulijua?" Mama Agripina aliuliza.

"Niliona maji mara moja tu, mama," alisema Filomena kwa sauti ndogo. "Nilidhani aliendelea."

Mama Agripina alimsogelea Mashavu, akamtazama toka juu, maana alikuwa mrefu kweli. "Umetuharibia kazi ya wiki tano. Umemfanya mama yako aonekane mwongo, na mimi nimemfukuza mwenzangu mwenye mimba. Fundi wa watu nusura nimtukane. Yote kwa debe moja la maji! Kwa nini hukusema umechoka?"

Mashavu alifuta pua kwa mkono. "Hapa hakuna anayesema, mama. Kila mtu anasema ameshapoa."

Moto ulilia chini ya pipa. Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza kukohoa.

"Mimi nimechoka tangu siku tuliyohama," alisema. "Mgongo wangu na kiuno changu vinagombana. Bi Fatu, ulimi wangu umenitangulia leo. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Bi Fatu. "Na kweli nilisinzia. Nilikuwa nakataa tu."

Walicheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa kirefu. Mama Agripina hakucheka, lakini aliokota sindano kwenye dawati, akamrudishia Bi Fatu mkononi. Kisha akamgeukia Mashavu.

"Zimebaki siku nne. Kukiri hakuondoi doa. Kaa hapo, ufumue vyekundu vyote. Usikate kitambaa, kata uzi tu."

Mashavu alikaa. Alifumua vipande ishirini na vinne kwa ncha ya sindano, mshono baada ya mshono. Vidole vilimchoma, macho yakamuuma. Aliona jinsi mama yake alivyoshona kila kimoja kwa mistari midogo iliyonyooka, hata siku za kusinzia. Filomena alikuja akakaa kando yake bila kuitwa, akaanza kufumua vile vyeupe.

Asubuhi yake, kabla ya shamba, kila mama alipita nyuma ya darasa na debe moja la maji. Hakuna aliyebeba zaidi ya moja. Mashavu aliloweka vile vyekundu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakatoka mekundu, ya tatu yalikuwa kama chai ya rangi. Hakuacha. Ya nne, ya tano. Ya sita yalitoka meupe, akamwita Mama Agripina aje ayaone kwa macho yake.

"Nimeyaona," alisema Mama Agripina.

Vyeupe walivichemsha na sabuni, wakavitandaza juani kwenye majani, wakavinyunyizia maji kila vilipokauka. Madoa yalififia kidogo kidogo. Hayakwisha yote. Ilibaki rangi hafifu kama ya ndani ya pera lililoiva. Kisha walishona upya, zamu kwa zamu. Aliyesinzia aliambiwa alale kwenye mkeka, na mwingine akaichukua sindano yake.

Siku ya Saba Saba ngoma zilipigwa, hotuba zikasomwa, zahanati ikafunguliwa. Blanketi lilikuwa juu ya kitanda, safi, limechemshwa. Bwana Fabiani alipitisha kiganja juu yake. "Halikuchuja?" aliuliza.

"Lilichuja," alijibu Mama Agripina. "Sasa limemaliza."

Siku tisa baadaye Bi Fatu alijifungua mtoto wa kiume. Jioni Mashavu alimpelekea uji. Alimkuta mama yake amelala chini ya blanketi, na kile kichwa kidogo kimetokeza kando ya kipande chekundu. Upepo uligonga madirisha, lakini ndani kulikuwa na joto.

"Kaa hapa," mama yake alisema. Alimwonyesha kipande cheupe chenye ile rangi hafifu. "Unaona hii?"

"Naiona, mama. Nilisugua sana."

"Usiisugue tena. Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Hata ng'ombe wa jembe anachoka, anafunguliwa. Kosa lako lilikuwa kuficha uchovu ndani ya uongo. Uongo ni kama kile kitambaa cha fundi. Unapoushona, unadhani utakaa kwenye nafasi yake tu. Kumbe ukipata maji ya moto unawatia doa wote walio karibu, hata wasio na hatia. Mimi nami nilikufundisha vibaya, maana kila siku ulinisikia nikisema sijachoka. Tangu leo, katika nyumba yetu, aliyechoka aseme. Kazi tutagawana. Lakini ukisema umeimaliza, iwe umeimaliza."

"Nimesikia, mama."

Mashavu alichukua debe lake mlangoni, akateremka mtoni. Alipokuwa anapandisha, debe limejaa, alikutana na Mama Agripina akitoka shambani.

"Pole na maji, mwanangu."

Mashavu alifungua kinywa, na lile jibu la kila siku lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ahsante, mama," alisema. "Bado sijapoa. Nimechoka."

Mama Agripina alisimama. Aliweka jembe lake chini, akanyoosha mikono yake mirefu, akalishusha lile debe kutoka kichwani pa Mashavu, akajitwika.

"Basi wewe nibebee jembe," alisema. "Twende."